Macho Niliyomwazima Mama Yako

Mwanangu Naliaka,

Jumapili tulipotoka kanisani, watu wakiwa bado wanakushika mkono na kukuombea safari, nilikusogelea pale karibu na ukuta nikakuambia, "Kabla hujaenda, nataka tuongee kuhusu ile siku ya mama yako." Hukukasirika. Ulininyooshea kola ya shati tu, vile yeye alivyokuwa akifanya, ukasema, "Baba, si leo." Tangu tumzike umekuwa ukiniambia si leo. Sasa kesho unaondoka na siku zimetuishia. Ndiyo maana nimekaa mezani mchana huu nikuandikie, ujisomee huko Ujerumani siku utakayoweza. Usipoweza, iweke tu. Karatasi haina haraka.

Sitakuandikia habari ya koti wala pasipoti wala watu wa kuogopa njiani. Shangazi yako Nafula ameshakuambia hayo yote, na mengine ameyarudia mpaka umeanza kumjibu kwa Kijerumani. Mimi nina jambo moja, lakini siwezi kulisimulia kuanzia mwisho. Lazima nianze na mtu niliyekuwa.

Huyo mtu unamkumbuka, hata kama kwa heshima hujawahi kumtaja. Nilikuwa na duka la agrovet, la mbegu na dawa za mifugo, pale Langas na nililiendesha kama mtu anayezima moto. Chai nilikunywa nimesimama. Ripoti zako za shule nilizisoma nikitafuta nafasi uliyoshika tu, halafu nikazikunja, na yale maneno ambayo walimu wako waliandika chini nimekuja kuyasoma mwaka huu. Mama yako nilimsalimia nikiwa nimeshampita. Msimu wa kupanda ulipofika, wakulima wakijazana dukani kutoka Soy na Kapseret kutafuta mbegu na mbolea, nilirudi nyumbani jioni nisijue kama mvua ilinyesha siku hiyo, na huku viatu vyangu vimejaa matope. Na nilijivunia. Nilidhani hivyo ndivyo mwanaume mwenye maana anavyoishi.

Mama yako alikuwa tofauti kabisa na mimi. Miaka yote hiyo ya kufundisha watoto wadogo, wale wanaokuja shuleni bado wanalia, ilikuwa imemfundisha kutokimbizana na kitu. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na mimi pia. Akiniona nameza ugali kama nasukumwa aliniambia, "Baba Naliaka, hiyo sahani haina miguu. Haitakukimbia." Mimi nilicheka, nikainuka, nikaenda.

Ulikuwa shule ya bweni macho yake yalipoanza kumsumbua, kwa hivyo mwanzo wake hukuuona. Yalianza pembeni. Aliniambia watoto wanamtokea ghafla uwanjani, kama vile wamerushwa. Akimimina chai alikosa kikombe, ikamwagika mezani. Siku moja aligonga bega kwenye mlango wa chumba chetu, mlango ambao alikuwa akiupita tangu tuhamie nyumba hii. Alisimama pale akilisugua bega, akaniambia, "Kuna kitu si sawa na macho yangu." Nilikuwa natafuta funguo za duka. Nilimwambia, "Ni uchovu, Mwalimu. Jaribu kuwa makini." Nikampa maneno hayo, mimi, mtu ambaye sikuwa makini na chochote.

Aliyasema tena, zaidi ya mara moja. Kila mara kulikuwa na msimu, kulikuwa na mzigo wa kupokea, kulikuwa na kitu. Mwishowe alienda kwa daktari wa macho kwa sababu mwalimu mwenzake alimshika mkono akampeleka, na mimi nikawakuta huko. Daktari alikuwa kijana mpole. Alisema ni presha ya macho, kwamba huwa inakula mishipa polepole bila maumivu, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, labda matone ya dawa yachunge kile kidogo kilichobaki. Mama yako akamuuliza, "Ningekuja mapema ingesaidia?"

Daktari aliangalia meza yake. "Ingesaidia, Mama," alisema.

Hakunigeukia. Ningeona nafuu kama angenigeukia, hata kwa hasira. Alikunja ile karatasi ya dawa, akaitia kwenye mkoba, akaniambia twende, watoto wako na mtihani kesho.

Matone yalichunga kile kilichobaki kwa muda, halafu yakashindwa. Aliacha kazi. Wewe ulikuwa unakuja likizo, unamkuta anapika kwa mikono yake mwenyewe, anajua sufuria iko wapi na chumvi iko wapi, nawe ukirudi shuleni unajiambia mama yako ni jasiri. Alikuwa jasiri kweli. Lakini ushujaa ule alikuwa anakuwekea wewe. Ukishaondoka tu, alikaa kwenye kiti pale veranda na leso yake mapajani, na alikuwa anaweza kukaa hivyo mpaka nirudi. Kuna siku alirusha kikombe ukutani kwa sababu alikitafuta mezani na kilikuwa karibu na kidole chake. Nilifagia vile vipande, nikaenda dukani. Duka lilikuwa pahali pa kukimbilia. Pale kila tatizo lilikuwa na dawa yake kwenye rafu.

Sasa nikuambie kuhusu maharagwe.

Ile mistari michache pembeni mwa njia ya kwenda getini alikuwa ameipanda mwenyewe, anapima nafasi kwa mkono. Jioni moja nilirudi nikamkuta verandani. Akaniuliza, "Maharagwe yangu yametoa maua?"

"Nafikiri," nikasema.

"Unafikiri? Si umepita hapo asubuhi, na umepita tena sasa hivi?"

"Nimepita haraka, Mwalimu."

Nikadhani yameisha, nikaanza kuvua viatu. Halafu nikasikia anapumua vibaya, nikainua kichwa, na alikuwa analia. Tangu siku ya daktari sikuwa nimemwona akilia. Akasema, "Sikulaumu kwa macho yangu. Nimeshamaliza hayo. Lakini wewe unayo yako, mazima, na huyatumii. Hiyo ndiyo inaniuma. Hiyo siwezi kuizoea."

Nilivaa viatu tena. Bado kulikuwa na mwanga. Nilienda mpaka kwenye maharagwe, nikaangalia, nikarudi. "Yametoa," nikamwambia.

"Rangi gani?"

"Nyeupe."

"Nyeupe namna gani?"

"Nyeupe tu, Mama Naliaka. Nyeupe ni nyeupe."

Akapangusa uso kwa leso. Akaniambia kwa ile sauti ya darasani, "Rudi. Anza tena."

Nilirudi. Nilichuchumaa pale matopeni kwa suruali yangu ya kazi, mtu mzima, jirani akinichungulia juu ya uzio. Na kwa mara ya kwanza tangu nianze kuuza mbegu nikaliangalia ua la haragwe. Si jeupe tu. Kuna mahali kwenye shina lake panapogeuka zambarau hafifu, kama wino uliomwagiwa maji. Limejikunja upande mmoja kama sikio la mtoto mchanga. Kulikuwa na mdudu mweusi mdogo ndani, amejitia unga mwili mzima. Nilirudi nikamweleza yote hayo, hata mdudu. Aliinamisha kichwa akisikiliza. Nilipomaliza akasema, "Sasa nimeyaona." Ugali wa siku hiyo nilikula nimekaa.

Usidhani nilibadilika pale pale. Wiki iliyofuata nilirudi nimechoka, akaniuliza jua lilizama vipi, nikamwambia lilizama vizuri sana, jekundu, mawingu ya dhahabu. Alicheka kicheko kibaya. "Mvua ilikuwa inanyesha hapa tangu saa tisa," akasema. "Jua gani hilo? Usinitungie, Baba Naliaka. Kama hukuangalia, sema hukuangalia. Giza nalijua, naliweza. Uongo ndio siuwezi." Tangu siku hiyo sikumtungia tena. Kuna jioni nyingi nilimwambia tu, "Leo sikuona kitu, Mwalimu, samahani," naye akasema, "Basi kesho."

Kwa sababu nilijua ataniuliza, nikaanza kuangalia mchana. Mwanzoni niliangalia kama mwanafunzi anayeogopa kuulizwa swali. Baadaye nikasahau kuogopa. Niliona kwamba yule mama anayeuza mahindi ya kuchoma mbele ya duka huwa anageuza kila hindi na kulipuliza kabla ya kumpa mtoto, lakini kwa mtu mzima hapulizi. Niliona mzee mmoja mteja wangu wa miaka mingi, mtu wa upande wa Soy, akichukua mfuko mmoja tu wa mbegu na kuusimamisha kwenye kaunta kama anayesimamisha mtoto. Nikamuuliza, "Mzee, mwaka huu unapanda kidogo?" Akaniambia mke wake amekufa, na yeye hawezi kulima lile shamba lote peke yake, na hataki mtu mwingine ashike jembe lake. Tulikaa kwenye magunia, tukaongea. Mwaka uliotangulia ningempa risiti, nikaita mtu wa nyuma yake.

Mama yako naye alianza kurudi. Sisemi macho. Alianza kuniuliza mambo akiwa tayari anajua nusu. "Leo wamekata nyasi kwa jirani, nimesikia harufu. Wamekata zote ama wameacha pale kwenye mti?" Tuliweka pamoja yangu na yake mpaka siku ikakamilika. Sijui kama unaelewa nikikuambia kwamba miaka yetu ya giza ndiyo miaka niliyoishi naye. Ile mingine nilikuwa naye tu.

Kuna safari moja hatukukuambia. Nilikuwa napeleka dawa za mifugo kule mjini Burnt Forest, akaniomba tuende pamoja. Tulipomaliza, badala ya kurudi, akasema, "Nipeleke Timboroa. Nataka baridi." Nikamuuliza baridi ya nini, si Eldoret iko baridi ya kutosha. Akasema, "Ile ya juu. Baridi haihitaji mtu wa kunielezea." Nilisimamisha gari kando ya msitu. Alishuka, akavua sweta yake mwenyewe, akasimama mikono wazi na meno yanagongana, anacheka kama msichana. Nilitaka kumfunika. Akaniambia niache, nisimame tu naye. Ukungu ulikuwa unatoka kwenye miti. Nilianza kumweleza, akaniwekea kidole mdomoni. "Hii ninayo mwenyewe," akasema.

Sasa nimefika, Naliaka. Kama unataka kukunja karatasi hapa, kunja.

Ulikuwa kwenye mtihani wako wa mwisho wa uuguzi. Moyo wake ulikuwa umeanza kuchoka, miguu inavimba, na daktari alikuwa ameongeza dawa. Mimi nilitaka kukupigia simu. Alinikataza, akasema mtoto asiitwe kutoka kwenye mtihani kuja kuangalia miguu. Najua umebeba hilo. Najua unadhani tulikuficha, ama unadhani ungekuwepo ungeona dalili ambayo mimi sikuiona. Labda ungeiona. Nimeliweka swali hilo karibu na lile la daktari wa macho, na ninakaa nayo yote mawili.

Lakini siku yenyewe ninayo. Niliiangalia yote. Kama ingekuja wakati ule wa haraka zangu ningekuwa sina hata kipande cha kukupa, ningekuambia tu aliugua akafa. Kwa hivyo pokea.

Asubuhi kulikuwa na ile baridi ya Julai na jua jembamba. Alikunywa uji wa wimbi, akasema sukari imezidi, akaumaliza. Nilimwogesha miguu kwenye beseni kwa sababu kuinama kulimshinda. Unyayo wake wa kushoto ulikuwa na ule mpasuko kwenye kisigino ambao hakuwahi kukubali uitwe mpasuko, nikaupaka mafuta. Alivaa lile gauni lake la kijani na sweta ya maruni yenye kifungo kimoja cheusi. Nikamtoa verandani kwenye jua, akaniomba maharagwe makavu, akakaa anayabambua. Sikufungua duka. Sikuwa na sababu, niliona tu sitaki kwenda.

Watoto wa jirani walikuwa wanagombana juu ya mpira. Mmoja alisema, "Wewe ni mwizi wa goli!" na mama yako alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Huyo nilimfundisha. Hata kuhesabu alikuwa anakataa kushindwa."

Ujumbe wako wa sauti ulikuja karibu saa sita. Ule wa, "Mum, nimemaliza ya leo, imeenda poa, kesho ni ya mwisho." Aliusikiliza, akaniambia rudisha. Nikarudisha. Akaniambia tena. Halafu akasema, "Amekohoa pale katikati. Mwambie avae kitu kizito." Ndiyo maana nilikuandikia kuhusu sweta, ukanijibu kwa kile kikatuni cha kucheka. Nilimweleza kikatuni hicho kinafananaje. Alikipenda.

Baada ya chakula alikaa ameuelekeza uso wake kwenye jua. Kisha akaniuliza, "Na mimi? Niko aje siku hizi?"

Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuniuliza. Nilivuta stuli nikakaa mbele yake. Nilimwambia nywele zimekuwa za kijivu hapa juu ya masikio, lakini nyuma bado ni nyeusi. Kwamba ile alama ya nyusi, ya kuanguka alipokuwa mtoto, imefifia mpaka mtu lazima aijue ndiyo aione. Kwamba ana mistari miwili kando ya mdomo, na wa kulia ni mrefu kwa sababu anachekea upande huo. Kwamba macho yake bado yanageuka nikiongea, yanakuja mpaka karibu na uso wangu na kusimama kidogo tu kando.

"Nimezeeka," akasema.

"Umezeeka," nikamwambia. "Na nikikuangalia sitaki kuangalia kitu kingine."

Akanishika uso kwa mikono yenye vumbi la maharagwe. Akasema, "Umesoma, Baba Naliaka. Ulichelewa, lakini umesoma."

Jioni, giza likianza kuingia, alisema kifua kinambana. Nilimwita jirani, yule wa gari jeupe, tukamweka kiti cha nyuma, mimi nikamshika nimempakata. Alikuwa anavuta pumzi fupi fupi. Aliniambia, "Tuko wapi?" Kwa hivyo nikaanza. Nikamwambia tumetoka getini, taa ya veranda nimeiacha inawaka. Hapa ni kwa fundi wa pikipiki, amefunga, lakini ameacha gurudumu moja nje. Hapa kuna msichana anauza maziwa kwenye chupa, amevaa kofia ya sufu. Hapa kuna mti ule uliokatwa nyaya za stima zilipopitishwa, umetoa majani mapya upande mmoja. Alikuwa ameshika kifundo cha mkono wangu na kila nikisema kitu alikibonyeza kidogo, kama kusema endelea. Tulipokaribia daraja nikamwambia maji ni mengi, yana rangi ya chai ya maziwa. Hakubonyeza. Nikamwambia kuna watu wawili wanapita darajani wamejifunika mwavuli mmoja. Hakubonyeza.

Nilijua. Jirani pia alijua, nilimwona kwenye kioo. Lakini sikuacha. Nilimweleza barabara yote mpaka kwenye mlango wa hospitali, kila duka, kila taa, kwa sababu sikutaka anyamaziwe njiani.

Hiyo ndiyo siku yake. Haikuwa na maumivu marefu. Ilikuwa na uji, na jua, na sauti yako.

Nisingependa ufikiri kwamba baada ya hapo nilijua la kufanya. Uliona mwenyewe. Baada ya mazishi nilirudi kuwa yule mtu wa zamani, na zaidi. Nilifungua duka kabla hakujapambazuka, nikaongeza dawa ambazo hakuna aliyezihitaji, nikapanga rafu zilizokwisha kupangwa. Nilipita kwenye maharagwe nikiangalia mbele. Nilikuwa sawa ilimradi nisisimame. Ndiyo maana nakujua ninapokuona wewe unafua nguo safi, unasoma Kijerumani huku unapika huku simu inaongea, unachukua zamu za wenzako. Nilipokuambia pumzika, ulinijibu, "Baba, nikikaa kimya nitaanguka."

Leo nina jibu, ingawa si zuri. Utaanguka kweli. Mimi nilianguka asubuhi moja ya kawaida, natoka kwenda dukani, nikaona magugu yamemeza ile mistari yake. Niliinama ning'oe moja tu, nikaketi papo hapo. Nililia pale chini mpaka yule jirani wa gari jeupe akaja akakaa kwenye umande kando yangu, akaanza kung'oa magugu ya upande wake. Tulimaliza mstari mzima. Nilichelewa kufungua duka na hakuna kilichoharibika. Maumivu hayakupungua siku hiyo. Lakini yalipata mahali pa kukaa, yakaacha kunifukuza barabarani.

Bado naangalia. Siwezi tena kuacha. Lakini nitakuambia ukweli, kwa sababu sitaki kukutungia: jioni ndiyo mbaya. Narudi na vitu mikononi, kile kitu cha kuchekesha alichosema mteja, rangi ya ngano ya Kapseret ikikaribia kuvunwa, na hakuna anayeniuliza. Nakaa navyo. Vingine nimeanza kumwambia shangazi yako, naye anasema, "Ehe, halafu?" akifikiri kuna habari inakuja. Hakuna habari. Ni ngano tu.

Unaenda kuuguza wazee wa watu, mbali, kwa lugha ambayo bado inakukwaruza ulimi. Watakuharakisha. Kazi yenyewe ni ya kuharakishwa, ninajua, na sitakuambia uwakatalie wakubwa zako wa kazi. Lakini mikono yako itakuwa inaosha miguu ya mtu ambaye alikuwa na mtu. Hata ukiwa na dakika chache tu, kuwa hapo kwa hizo dakika. Mguu mmoja uoshe kama mguu, usiuoshe kama kazi. Mara nyingi hutaweza. Siku usiyoweza, kesho yake ipo, mama yako alikuwa ananipa kesho kila mara. Na siku utakapokutana na kitu kidogo huko, theluji ama mti ama mtu anayepuliza chakula cha mtoto, na ukasikia kifua kinauma kwa sababu hakuna wa kumwambia, usikimbie hayo maumivu. Ndiye yeye. Ndipo anapokaa sasa.

Nimeandika mengi kuliko nilivyodhani. Nilitaka kukuombea hapa chini, kwa maneno mazuri, lakini nimesikia sauti yako nje. Binamu zako wamefika na wewe umetoka kuwapokea, unacheka, umevaa ndala zangu kwa sababu zako ziko kwenye sanduku. Kutoka dirishani naona kisogo chako na mkono mmoja unaopunga. Maneno yanaweza kungoja. Wewe kesho hutakuwepo.

Naweka kalamu chini, nije nikuangalie.

Baba